Taa Saidizi za Gari: Istilahi na Matumizi Yake katika Nchi ya Ukungu

Msamiati wa magari umeingia katika Kiswahili kwa mlango wa gereji, na kwa sehemu kubwa umeingia salama. Breki, klachi, bampa, betri na fyuzi ni maneno ambayo hayamsumbui mtu, na wala hatukusudii kuyagusa. Shida huanza pale kifaa kimoja kinapokuwa na jinsi tatu au nne zinazofanana kwa macho na kutofautiana kwa kazi, ilhali sisi tumeziitia zote jina moja. Taa zinazofungwa juu ya zile za kiwandani, hasa katika magari ya njia ngumu, ndizo mfano wa wazi wa shida hiyo.

Tumesukumwa kuandika haya na fomu moja ya maombi ya vifaa tuliyoonyeshwa Uwemba, kata iliyo kusini mwa mji wa Njombe. Nyanda hizi huinuka hadi karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Ukungu hushuka jioni, na katika miezi ya baridi huweza kukaa mpaka jua limepanda. Barabara za udongo hupita baina ya mashamba ya viazi na misitu ya miti ya mbao, na magari ya viazi, ya magogo na ya wagonjwa hayana budi kuzipita usiku. Ofisi moja iliomba taa kwa ajili ya gari lake la kubebea wagonjwa, nayo iliandika hivi: "Taa za ziada za kupenya ukungu, kali kabisa, jozi moja." Mnunuzi alitii neno kwa neno. Akatafuta taa kali kabisa, akazipata, zikafungwa juu ya paa.

Usiku wa kwanza wa ukungu dereva alikuwa amembeba mama aliyeshikwa na uchungu wa uzazi. Alipowasha taa zile mpya hakuona barabara tena. Aliona ukuta mweupe umesimama mbele ya kioo, na boneti ya gari lake ikimetameta chini yake. Akazizima, akawasha taa za kawaida za dimu, akamshusha utingo atangulie kwa miguu akifuata ukingo wa mtaro. Safari ambayo kwa desturi huisha kwa muda usiotimia saa moja ilichukua zaidi ya saa tatu. Mama yule alifika. Lakini ukiisoma fomu ile kwa makini utaona kwamba mnunuzi hakukosea, na muuzaji hakudanganya. Kosa lilikuwa katika maneno.

Tuanze na "ziada". Ziada ni kile kinachobaki baada ya haja kutimizwa. Mkaguzi wa hesabu akiliona neno hilo ana haki ya kuuliza kwa nini fedha za umma zinunue kisichohitajika. "Nyongeza" ni afadhali, ila halisemi lolote juu ya kazi. Sisi tunapendelea "taa saidizi", kwa kuwa walimu wa sarufi wamekwisha kutuzoesha kitenzi kisaidizi, yaani kitenzi kisichosimama peke yake bali hukamilisha kazi ya kingine. Taa hizi nazo ni vivyo hivyo: hukamilisha kile ambacho taa kubwa za gari haziwezi kukifikia, ama kwa mbali, ama kwa upana, ama kwa chini.

Na gari lenyewe tuliite nini? Tumewahi kukuta tafsiri isemayo "gari la nje ya barabara". Msomaji wa magazeti yetu akisikia hivyo atauliza mara moja ni wangapi waliojeruhiwa. "Gari la njia ngumu" latosha.

Sasa "kupenya ukungu". Hapa ndipo tafsiri na elimu ya mwanga zinapogongana, na inafaa tukae kidogo. Ukungu ni vitone vya maji vinavyoelea hewani, vidogo sana kwa macho yetu, lakini vikubwa mara nyingi kuliko urefu wa wimbi la mwanga. Kila kitone hutawanya mwanga, na sehemu yake humrudia aliyeutuma. Hakuna taa ipenyayo ukungu. Ukiongeza ukali, unaongeza pia kile kinachorudi machoni. Taa ikikaa karibu na jicho, kama ile ya paani, mwanga unaorudi nao hupita karibu na jicho, na ndiyo maana dereva wetu aliona ukuta. Taa ifaayo hufungwa chini, karibu na bampa. Hutandaza mwanga kwa upana ili kingo za barabara zionekane, na juu mwanga wake hukatwa kwa mstari uliolala, usipande kuumulika ukungu ulio mbele ya macho. Haishindani na ukungu, hupita chini yake.

Kwa sababu hiyo tunalikataa jina "taa ya kupenya ukungu" na kulishika lile fupi, "taa ya ukungu". Wako wanaolipinga wakisema kwamba linaleta maana ya taa iliyotengenezwa kwa ukungu. Hoja hiyo haina uzito. Tunasema dawa ya mbu na dawa ya kikohozi, na hakuna anayedhani kuwa dawa hiyo humstawisha mbu. (Kwamba ukungu ni pia ule unaoota juu ya mkate mkuukuu ni jambo jingine, na muktadha hulimaliza.) Ila mfasiri asiache kuongeza "ya mbele" au "ya nyuma". Taa ya ukungu ya nyuma ni nyekundu, na kazi yake ni gari lionekane, siyo dereva aone. Aliyeandika "taa za ukungu" bila kuongeza neno asistaajabu akiletewa nyekundu.

Mtu atauliza juu ya rangi ya njano, maana madereva wengi husadiki kuwa ndiyo iliyo na siri. Ufaransa ililazimisha taa za mbele za njano tangu miaka ya 1930 hadi 1993, na hapana shaka imani hiyo ilipata nguvu huko. Lakini kwa vitone vikubwa kama vya ukungu rangi zote hutawanywa karibu sawasawa. Njano huenda ikalipumzisha jicho la baadhi ya watu, haipenyi zaidi. Umbo la mwanga ndilo la kutazamwa kwanza.

Umbo hilo nalo linahitaji jina. Kiingereza hutumia neno moja kwa gogo linalobeba paa na kwa mwanga utokao katika taa, na tumeona mfasiri akiandika "boriti ya taa", jambo ambalo lingempa seremala kazi. "Mkondo wa mwanga" ungevutia, lakini mkondo tumekwisha kuupa umeme, na katika ukurasa mmoja wa kitabu cha ufundi vyote viwili vitakutana. Mwale ni mstari mmoja wa mwanga. Basi iliyo mingi ikitoka pamoja tuiite fungu la miale. Taa ina fungu jembamba au fungu pana, na neno hilo moja lingalitosha kuiokoa fomu ya Uwemba.

Taa yenye fungu jembamba, imulikayo mbali sana, mafundi huiita spotilaiti. Hatuna ugomvi nao. Hata hivyo pwani tunalo neno "kurunzi", ambalo hutumika kwa tochi na pia kwa taa kali ya kumulika mbali, nasi twaona linafaa kabisa kurejeshwa kazini. Kurunzi ni njema katika usiku mkavu, kwenye njia iliyonyooka, pale dereva anapotaka kumwona ng'ombe mapema. Penye ukungu, mvua kubwa au vumbi la kiangazi ni adui, na akija mwenzio mbele yako lazima izimwe pamoja na taa za fulu. Jinsi ya tatu, itandazayo mwanga pande zote kwa karibu, yafaa kuitwa taa ya kazi. Ni ya kupakilia viazi shambani au kubadili gurudumu, wala si ya kuendeshea.

Yabaki maneno ya kipimo, ambayo wauzaji huyatumia kwa ujanja. Wati hueleza umeme unaoliwa, siyo mwanga unaotolewa. Taa ya ledi hutoa mwanga mwingi kwa wati chache kuliko ya halojeni. Lumeni ni jumla ya mwanga unaotoka, kama maji yaliyomo ndooni. Luksi ni kiasi kinachoangukia mahali, kama vile ardhi ilivyolowa: lumeni 3,000 zikitandazwa sawasawa juu ya mita za mraba 1,000 huleta luksi 3 tu. Tena umbali ukizidi maradufu, luksi hushuka hadi robo. Tangazo litajalo lumeni bila kutaja fungu la miale halijasema kitu.

Kuhusu waya tutasema kwa ufupi. Taa mbili za wati 55 katika gari la volti 12 huvuta karibu ampia 9, mzigo ambao haufai kupitishwa katika swichi ndogo ya dashibodi. Rilei hubeba mzigo huo kwa amri ya swichi. (Wale waliokwisha kuandika "kifaa cha kupokezana" wameikumbuka mbio ya vijiti wakasahau gari.) Waya uwe mnene, kwani katika taa za halojeni sehemu moja ya kumi ya volti ikipotea njiani, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30.

Kuna jambo moja ambalo bado hatujaridhika nalo, nalo ni jina la ule mstari wa juu ambapo mwanga wa taa ya ukungu hukatika. Kwa muda tunauita "kikomo cha juu". Mafundi wa Makambako, ambako magari ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia hukutana na yale ya Njombe na Songea, pengine wanalo neno bora, nasi tungependa kuletewa. Kwa sasa fomu ile tuliombwa tuiandike upya, nayo tuliiandika hivi: "Taa za ukungu za mbele, jozi moja, fungu pana lenye kikomo cha juu, volti 12, wati 55 kila moja, pamoja na rilei, fyuzi, swichi na waya. Zifungwe chini, kwenye bampa, zisifungwe paani."