Jiwe la Figo: Ogopa Homa Kuliko Maumivu

Mgonjwa wa jiwe la figo unamjua kabla hajafungua mdomo. Hakai. Anainama, anasimama, anazunguka chumba ameshika ubavu, anatapika, kisha anaanza tena kuzunguka. Mwenye kidole tumbo hulala kimya akiogopa hata kukohoa. Huyu hatulii, maana hakuna mkao unaompa nafuu.

Jiwe likiwa bado ndani ya figo huweza kukaa miaka bila mwenyewe kujua. Vurugu huanza linapoteremka kwenye mrija unaopeleka mkojo kibofuni. Mrija huo una urefu wa sentimita 25 hadi 30, lakini upana wake wa ndani ni milimita 3 au 4 tu. Likikwama hapo, mkojo hurudi nyuma, figo huvimba, na mrija hujikaza kulisukuma. Ndiyo maana maumivu hupanda na kushuka, yakianzia chini ya mbavu kwa nyuma na kuteremka hadi kwenye kinena, na kwa wanaume hadi kwenye korodani.

Wengi hudhani maumivu yakiwa makali ndipo hatari inapokuwa kubwa. Sivyo. Jiwe la milimita 4 linaweza kumliza mtu mzima, kisha likatoka lenyewe. Mengi yasiyofika milimita 5 hutoka hivyo ndani ya wiki chache, mgonjwa akisaidiwa na dawa ya maumivu aliyoandikiwa. Likizidi milimita 10, ni nadra kutoka bila msaada wa daktari.

Kinachonitisha mimi ni homa. Anayeumwa ubavu huku akitetemeka kwa baridi asisubiri kukuche. Mkojo uliozibwa ukiingiwa na bakteria, figo hujaa usaha na maambukizi huweza kuenea kwenye damu ndani ya saa chache. Hapo antibiotiki peke yake haitoshi. Lazima mkojo utafutiwe njia ya kutokea. Tatizo ni kwamba kwetu homa ya namna hiyo huitwa malaria upesi, na mgonjwa akarudishwa nyumbani na dawa ya mseto. Mweleze daktari habari ya ubavu hata kama hakuuliza.

Wasiotakiwa kungoja ni pamoja na asiyepata mkojo, mwenye figo moja, mjamzito, na anayetapika hata maji. Mwanamke aliyechelewa hedhi apimwe mimba kwanza, kwani mimba iliyotunga nje ya kizazi huweza kuuma vivyo hivyo. Na aliyevuka miaka 60, akipatwa na maumivu haya kwa mara ya kwanza, asiambiwe ni jiwe kabla mshipa mkubwa wa damu wa tumboni haujaangaliwa.

Maumivu yakikatika ghafla, usishangilie bado. Huenda limetoka, huenda pia limeziba kimya kimya, na figo inaharibika taratibu. Rudi upimwe. Ultrasaundi huonyesha figo iliyovimba, ingawa jiwe lililo katikati ya mrija mara nyingi hulikosa. CT-scan hulipata vizuri zaidi. Wakati unangojea, kojolea kwenye chujio, na ukilinasa jiwe lipeleke maabara lijulikane ni la aina gani.

Mawe mengi yana kalisiamu, na wagonjwa wakisikia hivyo huacha maziwa. Wasiache. Kalisiamu ya chakula huishika tumboni oksaleti, kemikali inayoungana nayo kuunda mawe na iliyojaa kwenye mchicha kwa mfano, ikaishia chooni badala ya kufika kwenye figo. Cha kupunguza ni chumvi. Kuhusu maji, pima kinachotoka, si unachokunywa: aliyewahi kupata jiwe anahitaji kutoa mkojo wa lita 2.5 hivi kwa siku. Anayeshinda juani, awe bodaboda wa Dodoma au fundi ujenzi wa Muscat, hupoteza maji mengi kwa jasho, na lita 3 anazojisifia zisimtoshe. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi hata baada ya kunywa maji ya kutosha, nenda kapime. Huenda ni damu.