Shairi Refu Jukwaani (Sehemu ya Pili): Marilyn na Kivuli cha Troy

Wiki iliyopita tuliishia kwenye swali linalomkabili kila anayelipandisha shairi refu jukwaani: anayesema ni nani, na anamwambia nani? Kitabuni sauti haidai mwili. Jukwaani hadhira humwona msemaji, na papo hapo hutaka kujua kilichomleta.

Shairi likimhusu nyota wa sinema, kazi huwa nzito zaidi. Sura ya Marilyn Monroe, aliyefariki mwaka 1962, inajulikana hata na wasiowahi kutazama filamu yake. Mwigizaji akitokea tangu mwanzo na nywele za dhahabu na lile gauni jeupe la *The Seven Year Itch*, watu watakaa wakipima kufanana kwake na Marilyn, na maneno ya mshairi yatawapita.

Mfano wangu ni *Norma Jeane Baker of Troy* ya Anne Carson, mshairi wa Kanada na mtaalamu wa Kigiriki cha kale. Msingi wake ni *Helen*, tamthilia ya Euripides ya mwaka 412 KK. Humo Helen hakufika Troy kamwe. Aliyechukuliwa na Paris, mwanamfalme wa Troy, ni kivuli kilichoumbwa na mungu wa kike Hera. Mwenyewe alikuwa Misri, huku wanaume wakiuana miaka 10 kwa ajili ya hewa tupu. Carson amemweka Norma Jeane, ndilo jina la Marilyn kabla ya sinema, mahali pa Helen. Menelaus, mume wa Helen, amekuwa Arthur, mfalme wa Sparta na New York, na msomaji humtambua upesi Arthur Miller, mume wa tatu wa Marilyn.

Katie Mitchell alipoiongoza kazi hii The Shed, New York, mwaka 2019, hakuigawa sauti ya shairi kwa kundi la waigizaji. Aliijengea ofisi ya usiku, miaka ya 1960. Mwanamume, Ben Whishaw, anatoa imla. Karani wa hatimkato, Renée Fleming, anaandika. Basi kila neno lina sababu ya kutamkwa. Kidogo kidogo mwanamume yule anavaa maleba ya Marilyn mbele ya macho yetu, nasi tunaona kivuli kikitengenezwa kwa mikono. Kwangu huo ni ustadi mkubwa, maana maleba yanabeba hoja ya shairi lenyewe.

Mwandishi wa tamthilia wa Tanzania, Ebrahim Hussein, alipolikabili swali lile lile katika *Jogoo Kijijini* (1976), hakuhitaji ofisi. Alikuwa na mtambaji wa ngano, ambaye kwetu haulizwi kwa nini anasema peke yake.

Fleming ni mwimbaji wa opera, na karani wake huimba pia. Suala hilo la muziki, alioutunga Paul Clark, nitalishika wiki ijayo.