Akina Mama wa Pemba na Nafasi ya Msemaji

Wageni wanaotembelea miradi Pemba hutuuliza swali moja: mbona wanaotupokea na kutuandalia ziara ni akina mama, na anayezungumza na waandishi wa habari ni mwanamume?

Swali hilo si la Pemba peke yake. Marekani na Uingereza, takriban theluthi mbili ya wafanyakazi wa uhusiano wa umma ni wanawake, lakini wakuu wengi wa kampuni kubwa ni wanaume. Hapa Tanzania, Hassan Abbasi, Gerson Msigwa, Mobhare Matinyi na Thobias Makoba, walioshika nafasi ya Msemaji Mkuu wa Serikali kuanzia 2016, wote ni wanaume. Ikulu hali ilibadilika mwaka 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipomteua Zuhura Yunus, aliyekuwa mtangazaji wa BBC, kuwa Mkurugenzi wa Mawasiliano ya Rais.

Pemba ina kikwazo chake, nacho ni bahari. Wizara za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar zina makao makuu Unguja, na ofisi zake za Pemba husimamiwa na Afisa Mdhamini. Mashirika mengi nayo yamepangwa hivyo. Afisa uhusiano aliyeko Chake Chake au Wete hupiga picha, huandika taarifa na kuwaita waandishi, lakini mkuu wa kitengo mara nyingi yuko Unguja. Kwa hiyo kupanda cheo ni kuhama. Mwanamume akihama na kuacha familia, watu humsifu kwamba anatafuta riziki. Mama mwenye watoto wadogo akifanya hivyo ataulizwa na mume, na wazazi, na pengine mtaa mzima. Wengine huacha hata kuomba nafasi, kisha ofisini husemwa akina mama hawapendi uongozi. Sisi hatukubaliani na maneno hayo.

Kuna na suala la saa za kazi. Meli ya MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba. Msemaji katika msiba kama huo hasubiri kupambazuke.

Hasara huonekana zaidi katika kesi za udhalilishaji. Mama wa mtoto aliyeumizwa huona haya kumweleza mwanamume, na asichokisema hakifiki kwenye taarifa. Ndiyo maana tunathamini kazi ya Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake Tanzania (TAMWA), kilichoanzishwa 1987. Upande wa Zanzibar kimeongozwa kwa miaka mingi na Dk. Mzuri Issa, na wananchi wa Pemba wamezoea kumsikia mwanamke akilizungumzia jambo hili hadharani.

Kamati za parokia na wafadhili wanaogharamia mafunzo ya mawasiliano Unguja, tunaomba bajeti iweke nauli ya boti na malazi ya mlezi wa mtoto. Mafunzo mengine yafanyike Chake Chake, na wakufunzi ndio wavuke bahari.