Sauti ya Kiswahili katika Santuri za Jazi: Albamu ya Uhuru Afrika na Matoleo Yake

Makala haya yanahusu ukusanyaji na usikilizaji wa albamu kongwe za jazi ya Marekani pamoja na matoleo yake mapya, na yanalitazama jambo hilo kwa jicho la mtafiti wa lugha. Neno lenyewe lahitaji tahadhari. Katika miji yetu, anayeulizia santuri za jazi huenda akapewa OK Jazz ya Kongo, au Western Jazz na Morogoro Jazz za Tanzania, yaani muziki wa dansi wa magita. Na muuzaji hatakuwa amekosea, kwa kuwa ndivyo neno lilivyopokewa kwetu. Jazi inayojadiliwa hapa ni ile ya New York, na sababu ya kuileta mbele ya wanakiswahili ni kwamba Kiswahili kimo ndani yake.

Mfano ulio bora ni Uhuru Afrika ya mpiga piano Randy Weston (1926–2018), mzaliwa wa Brooklyn. Albamu hiyo ilirekodiwa New York mwezi Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilijipatia uhuru, na ikatolewa na kampuni ya Roulette. Ni utungo mmoja wenye sehemu nne: “Uhuru Kwanza”, “African Lady”, “Bantu” na “Kucheza Blues”. Aliyeupanga muziki kwa ajili ya bendi kubwa ni Melba Liston, mwanamke mpiga tromboni. Miongoni mwa wapigaji wamo Clark Terry, Freddie Hubbard, Yusef Lateef, Max Roach na Babatunde Olatunji wa Nigeria. Maneno yalitungwa na mshairi Langston Hughes. Weston alitaka lugha ya Kiafrika isikike, akachagua Kiswahili; Tuntemeke Sanga, Mtanganyika aliyekuwa New York, akalitafsiri shairi la utangulizi na kulighani yeye mwenyewe. Wakati huo Tanganyika ilikuwa bado chini ya Waingereza. Mwaka 1964 serikali ya Afrika Kusini iliipiga albamu hiyo marufuku.

Jina la albamu linafikirisha kisarufi. Tungetarajia “Uhuru wa Afrika”. Bila a-unganifu, maneno hayo mawili yasomeka ama kama mwito, “Uhuru, Afrika!”, ama kama muundo wa Kiingereza uliovikwa maneno ya Kiswahili. Naelekea kwenye usomaji wa kwanza, kwani “Uhuru Kwanza” nayo ni kaulimbiu ya jukwaani. Mkusanyaji hana budi kujua pia kuwa orodha nyingine huandika “Uhuru Africa”, kwa c. Anayetafuta kwa tahajia moja tu atakosa nusu ya anachokitafuta.

Kwa mwanaisimu, swali la toleo gani lisikilizwe si la anasa. Nguvu kubwa ya sauti za /s/ na /sh/ imo katika masafa ya juu, na huko huko ndiko uliko mchakato wa santuri iliyochakaa. Fundi wa toleo jipya anayeusafisha mchakato huo bila kiasi huondoa na ukali wa konsonanti. Muziki hubaki mtamu, lakini msemaji husikika kama aliyefunikwa blanketi. Santuri asilia nayo ina tabia zake. Sahani huzunguka kwa mwendo ule ule, mara 33 na theluthi kwa dakika, lakini mfereji ulio karibu na lebo ni mfupi kuliko ule wa ukingoni. Kwa hiyo sauti za ndani hubanwa na konsonanti hizo hukwaruza. Utangulizi wa Uhuru Afrika uko mwanzo wa upande wa kwanza, penye nafasi pana kuliko kote. Hasara yake ni kwamba hapo ndipo sindano hutuliwa kila mara, na mikono ya watu si mepesi. Anayenunua nakala kuukuu aanze kuikagua pale.

Albamu hiyo imo pia katika mkusanyo wa sidii tatu za Weston uliotolewa na kampuni ya Mosaic mwaka 2003. Ubora wa mkusanyo wa aina hiyo haumo katika sauti peke yake. Umo katika kijitabu chake, kinachotaja nani alipiga nini, lini na wapi. Muziki unapohamia kwenye simu, mara nyingi hubaki jina moja tu, la kiongozi wa bendi. Hapo Liston hupotea, na Sanga hupotea zaidi, ilhali kazi yake ni tafsiri ya ushairi iliyorekodiwa kwa sauti kabla ya uhuru wa Tanganyika, na ingestahili nafasi katika historia yetu ya tafsiri. Maktaba zetu zikiorodhesha rekodi hii, jina la mfasiri liingizwe katika sehemu yake, kama tufanyavyo kwa kitabu.

Muongo mmoja baadaye Kiswahili kiliingia jazi kwa mlango wa majina ya watu. Herbie Hancock alijiita Mwandishi, jina lililokuwa pia la albamu yake ya 1971. Wenzake walikuwa Mchezaji (Buster Williams), Jabali (Billy Hart), Mganga (Eddie Henderson, ambaye kweli alikuwa daktari), Mwile (Bennie Maupin) na Pepo Mtoto (Julian Priester). Hili la mwisho lilikusudiwa kumaanisha mtoto wa kiroho. Mama wa pwani akilisikia ataita mwenye uganga wa kupunga. Mwaka 1994 albamu tatu za Hancock zilitolewa upya pamoja chini ya jina Mwandishi, ikiwamo Fat Albert Rotunda ya 1969, iliyotangulia majina hayo. Anayetaka kujua Kiswahili kiliingia lini katika bendi ile asisome mgongo wa kasha. Afungue kijitabu, atazame tarehe za kurekodi.