LAZIMA UTUME AO LAZIMA UTATUMA?

Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe. Niliandikia baba barua: «Baba, lazima utume feza za masomo mbele ya mwisho wa mwezi.» Katika mawazo yangu nilitaka kusema kwamba ninajua hatakosa kutuma. Kumbe nilimpa baba amri! Jibu likaja: «Mwanangu, tangu lini mtoto anamtuma mzazi wake?»

Kosa lilikuwa wapi? Neno lazima linabeba mizigo miwili: kazi inayompasa mtu, na jambo lisilokosa kufika. Kinachotenganisha mizigo hiyo ni kitenzi kinachofuata. «Lazima aje»: anapaswa kuja, lakini pengine hatakuja. «Lazima atakuja»: kuja kwake hakuna mashaka. Kifaransa kinasema «il faut qu'il vienne» kwa ile ya kwanza, na «il viendra forcément» kwa ya pili. Basi ukitafsiri forcément kwa lazima, angalia kitenzi! Na ukikana: «si lazima aje» ni ruhusa ya kubaki kwake, «lazima hatakuja» ni kukata tumaini kabisa.

Si sisi peke yetu. Wenye kusema Kikantoni, kule Hong Kong na Guangdong katika China, wako na neno yat ding. Wakisema yat ding yiu, ni jambo la kupaswa. Yat ding wui, ni jambo litakalotokea tu. Mgeni anayekariri yat ding bila neno la nyuma yake ataandika barua kama yangu.

Lazima ni neno la Kiarabu. Kiswahili kililileta huku pamoja na wafanyabiashara wa pwani, wale Livingstone aliowakuta hapa Nyangwe katika 1871. Budi pia: Waarabu wanasema lā budda, ni kusema hakuna pa kuponyokea. Waswahili waligeuza lā kuwa hapana, budi wakaiacha vile ilivyo. Sharti lilianza kwa masharti ya mapatano, ndiyo sababu mimi silipendi kwa mambo ya mvua. Mvua haipatani na mtu.

Lakini neno la nguvu kuliko yote ni dogo: tu. «Mvua itanyesha tu», ufanye utakavyo. Baba hakuenda shule sana, lakini chini ya barua yake aliandika: «Feza zitafika tu.» Zilifika kwa baiskeli, siku mbili mbele ya mwisho wa mwezi.