Jifunze Kwanza, Chimba Baadaye: Mafunzo ya Ufugaji wa Samaki kwa Mkazi Anayeanza

Katika sehemu nyingi za magharibi mwa Kenya kuna mashimo ya mstatili yaliyoota nyasi na matete. Zamani yalikuwa vidimbwi vya samaki. Maji yamekauka au yamebaki machafu, na mwenye shamba amerudia mahindi na miwa. Ukimuuliza kilichotokea, mara nyingi atakwambia kwamba samaki walikataa kukua, au waliisha bila kujulikana walikoenda.

Hali hiyo haikuanza jana. Katika miaka ya 1960 serikali iliendesha kampeni ya kuwahimiza Wakenya kula samaki, na vidimbwi vidogo vikachimbwa kwa wingi, hasa katika mikoa ya Kati na Magharibi. Kufikia miaka ya 1970 vilivyokuwa vikizalisha vilikuwa vimepungua. Maafisa wa nyanjani hawakutosha, wengine hawakuwa wamefunzwa vya kutosha, na vifaranga bora walikuwa adimu. Mwaka 2009 ukaja Mpango wa Kuchochea Uchumi. Serikali ya kitaifa ililenga vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa mita 300 za mraba. Kazi hiyo iliwafungulia wakulima wengi mlango, lakini baadhi ya vidimbwi viliachwa ruzuku ya vifaranga na chakula ilipokwisha.

Funzo la vipindi vyote viwili ni moja: kuchimba ni kazi ya siku chache, kumfahamu samaki ni kazi ya msimu mzima. Ndiyo maana mkazi wa Lurambi anayetaka kuanza anashauriwa aingie darasani kabla ya kushika jembe.

Mafunzo hutolewa wapi

Katiba ya 2010 iliweka kilimo, pamoja na uvuvi, chini ya serikali za kaunti. Kwa hivyo mlango wa kwanza wa mkazi ni ofisi ya kilimo ya wadi yake, iwe ni Butsotso Mashariki, Butsotso Kusini, Butsotso ya Kati, Sheywe, Mahiakalo au Shirere. Ofisi hiyo humwelekeza kwa afisa wa uvuvi wa kaunti ndogo. Bukura nako kuna taasisi za mafunzo ya kilimo ambazo wakulima wa eneo hili wamezijua kwa miaka mingi.

Mkazi akijiunga na kikundi huwa rahisi zaidi kumfikia. Mpango wa Kuendeleza Biashara ya Ufugaji wa Samaki, unaofadhiliwa na serikali ya kitaifa na shirika la IFAD, ulichagua kaunti 15, Kakamega ikiwa mojawapo, na umekuwa ukiwafikia wafugaji wadogo kupitia vikundi. Mtindo wa kujifunzia shambani si mgeni pia. Ulianza Indonesia mwaka 1989 kwa wakulima wa mpunga, kisha ukafika magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1990. Wanafunzi hukutana mara kwa mara kwenye shamba moja, hupima, huandika na kujadiliana, na afisa huwaongoza badala ya kuwahutubia.

Somo la kwanza: udongo na maji

Somo hili hufanyika shambani. Mwanafunzi huchota udongo wenye unyevu, hulifinyanga donge, hulirusha juu na kulidaka. Likivunjika, udongo una mchanga mwingi na maji yatapotea. Likibaki zima, anaendelea na jaribio la pili. Anachimba shimo la kina cha kiuno na kulijaza maji asubuhi. Jioni analijaza tena, analifunika kwa majani na kuliacha hadi kesho yake. Asubuhi maji mengi yakiwa yamebaki, mahali hapo panafaa. Yakiwa yameisha, atahitaji kutandika karatasi nzito ya plastiki, na hiyo ni gharama anayopaswa kuijua mapema.

Kuhusu maji, mwanafunzi hujifunza kuuliza swali moja: mwezi wa Januari, wakati wa kiangazi, chemchemi hii hutoa kiasi gani? Maji yanayofurika mwezi wa Mei hayamsaidii samaki mwezi wa Januari. Anayetaka kuvuta maji kutoka mtoni hufundishwa kwamba Sheria ya Maji ya 2016 inamtaka apate kibali kutoka Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na kwamba hapaswi kuchimba kwenye ukingo wa mto.

Kidimbwi chenyewe hakichimbwi kama pipa. Upande mmoja huwa na kina cha karibu nusu mita na mwingine karibu mita moja na robo, ili maji yote yaweze kutolewa wakati wa kuvuna. Mdomo wa bomba la kuingizia maji huwekewa chujio ili samaki wa porini wasiingie.

Mkono ndani ya maji

Udongo mwingi wa Kakamega una asidi, kwa hivyo chokaa ya kilimo humwagwa kwenye sakafu ya kidimbwi kabla ya maji kujazwa. Afisa hupima na kusema kiasi kinachohitajika. Baadaye huwekwa samadi iliyokauka ya ng'ombe au kuku. Mbolea hiyo huotesha vimelea vidogo vya kijani ndani ya maji, na hicho ndicho chakula cha kwanza cha samaki.

Wanaoanza hufundishwa kupima rangi ya maji bila chombo chochote. Mtu hunyoosha mkono na kuutumbukiza taratibu, kiganja kikitangulia. Kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, mbolea inatosha. Kikipotea mapema, maji yamezidi kuwa ya kijani na mbolea isimamishwe. Kikionekana hata baada ya kiwiko kuzama, mbolea iongezwe.

Jaribio hili huokoa samaki. Usiku vimelea hao hawatengenezi oksijeni bali huitumia, na wakizidi, alfajiri samaki huonekana juu ya maji wakihema. Mgeni hudhani wana njaa na kuwatupia chakula. Aliyefunzwa husimamisha chakula na mbolea, kisha hufungulia maji safi.

Kwa nini samaki "hukataa kukua"

Malalamiko haya husikika kuliko mengine yote, na jibu lake ni mojawapo ya masomo makuu. Ngege, yaani tilapia, huanza kuzaa akiwa na umri wa miezi michache tu, kabla hajafikia ukubwa wa kuuzwa. Jike huatamia mayai mdomoni, na watoto wengi huishi. Kidimbwi kilichoanza na samaki 900 huwa na maelfu, wote wakigombania chakula kile kile, na wote wanadumaa. Mfugaji hudhani aliuziwa mbegu mbaya, kumbe ameuziwa mbegu inayozaa.

Suluhisho ni mawili. La kwanza ni kununua vifaranga wa kiume watupu kutoka kituo cha kuzalisha kinachotambuliwa na ofisi ya uvuvi. La pili ni kuchanganya ngege na kambare wachache, ambao wengi huwaita mumi, ili wale watoto wanaozaliwa. Kambare huingizwa wakiwa wadogo kuliko ngege, la sivyo watawala hata wale wa kuuzwa.

Siku ya kupokea vifaranga, mfuko huelezwa juu ya maji ya kidimbwi kwa dakika 15 hadi 20 kabla ya kufunguliwa ili joto lilingane. Mji wa Kakamega uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ngege hupenda maji ya nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Asubuhi za baridi hupunguza kasi ya kukua. Mfugaji wa hapa asihesabu miezi ya yule wa kando ya Ziwa Victoria au Pwani.

Hesabu ya daftari

Chakula huchukua zaidi ya nusu ya gharama za mfugaji anayenunua chakula cha dukani. Kwa hivyo darasa lina siku ya hesabu. Kila mwezi samaki wachache huvuliwa, hupimwa na kurudishwa. Tuseme samaki 900 wana wastani wa gramu 50: jumla ni kilo 45. Wakilishwa asilimia 3 ya uzito wao kwa siku, wanahitaji kilo 1 na gramu 350, zikigawanywa asubuhi na jioni, mahali pale pale na saa ile ile. Kinachobaki kikielea baada ya dakika 20 ni pesa zinazooza na kuharibu maji.

Hesabu ya pili ni ya mavuno. Samaki 800 wakifika gramu 250 kila mmoja, mfugaji ana kilo 200. Kwa kawaida kilo moja ya samaki hudai kilo moja na nusu hadi mbili za chakula, maana yake kilo 300 hadi 400. Mwanafunzi huandika bei ya chakula ya siku hiyo, huongeza vifaranga, chokaa na vibarua, kisha hulinganisha na bei ya samaki sokoni Kakamega. Asiyeona faida kwenye karatasi hataiona majini.

Ni kwenye hesabu hii ambapo baadhi huamua kutochimba. Wengine huungana na majirani ili kidimbwi kiwe kimoja, wengine hujifunza kutengeneza chakula kwa pumba, mashudu na omena. Aliyegundua kwamba chemchemi yake haitoshi, au kwamba hesabu hairudi, naye amefaulu: ameokoa ardhi na karo ya watoto.

Usalama na mavuno

Kidimbwi kisicho na ua ni hatari kwa watoto wa boma na wa jirani. Darasa husisitiza ua na lango linalofungwa kabla ya maji kuingia, si baadaye. Ua pia huzuia kenge na fisi maji, na wavu wa juu huzuia mdiria na korongo. Kingo hufyekwa, kwa sababu kidimbwi kilichoachwa kikaota nyasi huwa makazi ya mbu.

Siku ya mwisho ndiyo ya kuvua. Hapa wengi hushika wavu kwa mara ya kwanza maishani. Samaki hawalishwi siku ya kutangulia. Kazi huanza alfajiri kukiwa na baridi. Watu hujipanga pande mbili, hukokota wavu wa chini uguse sakafu, wa juu uelee, na hutembea kwa hatua moja. Anayekimbia hufungua mwanya na samaki hupita chini. Wateja huwa wameshapatikana kabla wavu haujaingia majini, kwa maana samaki hamngoji mnunuzi.

Mkazi anayetaka kujiunga

Aende katika ofisi ya kilimo ya wadi yake, peke yake au na kikundi chake, aulize ni lini mafunzo yajayo ya ufugaji wa samaki yatafanyika. Abebe maelezo ya mambo matatu: ukubwa wa ardhi, chanzo cha maji na jinsi maji hayo yanavyokuwa wakati wa kiangazi. Amwombe afisa afike shambani kabla ya kuchimba. Na mwenye kidimbwi kilichoachwa asione haya kuja. Shimo lake tayari lipo, na huenda anachokosa ni lile somo ambalo halikutolewa siku lilipochimbwa.