Kusakinisha Linux kwa Mara ya Kwanza: Neno na Tendo, kwa Mfano wa Ufipa

Mtafiti wa lugha aendaye uwandani siku hizi huchukua kompyuta, kama vile waliomtangulia walivyochukua daftari na kalamu. Tofauti yao ni kwamba daftari halimwulizi mwenyewe swali. Kompyuta humwuliza, na jibu likikosewa, kazi ya miaka mingi huweza kupotea kwa dakika chache. Shabaha ya makala haya ni kueleza jinsi mfumo endeshi wa Linux unavyosakinishwa kwa mara ya kwanza, na kuonyesha kwamba katika kila hatua ya kazi hiyo neno ndilo limwongozalo mtu, na neno ndilo limpotezalo. Mifano imetokana na kazi niliyoifanya Sumbawanga, katika uwanda wa juu wa Ufipa.

Yafaa kwanza ieleweke mfumo endeshi ni kitu gani. Ni programu kuu isimamiayo mashine nzima: hugawa kumbukumbu, hupanga mafaili, na huziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Kwa hakika jina Linux ni la kiini cha mfumo tu, kilichoanzwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Kiini hicho kiliunganishwa na programu za mradi wa GNU, uliotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983, na kutokana na muungano huo ikapatikana mifumo kamili yenye majina mbalimbali, mathalan Debian iliyoanza mwaka 1993 na Ubuntu iliyotoka mwaka 2004. Jina hili la mwisho lina mzizi *-ntu*, ambao Mfipa, Mzulu na Mswahili wote watautambua bila mkalimani. Mifumo hii huitwa huria, kwa kuwa kila mtu ana ruhusa ya kuitumia, kuinakili, kuichunguza na kuibadili.

Sababu ya mimi kuihitaji ilikuwa ya kawaida. Mfumo wa zamani uliokuwamo katika kompyuta yangu ulikuwa haupati tena marekebisho ya usalama kutoka kwa watengenezaji wake. Ndani ya mashine hiyo mlikuwa na sauti za wazee wakisimulia hadithi na kutaja majina ya mimea kwa Kifipa. Kifipa ni lugha yenye toni, na maandishi matupu hayawezi kushika mahali pa sauti iliyorekodiwa. Baadhi ya wazee hao wamekwisha fariki. Sauti yao ikifutika, hapana wa kumrudia ili aseme tena.

Kwa hiyo hatua ya kwanza si kugusa mfumo, bali ni kuhifadhi nakala. Sharti nakala ziwe mbili, na moja ikae katika nyumba nyingine. Tena haitoshi kuona majina ya mafaili yamehama. Ni lazima kila nakala ifunguliwe katika kompyuta nyingine na sauti isikike.

Hatua ya pili ni kupakua faili kubwa la mfumo, liitwalo taswira ya diski. Mahali ambapo intaneti hukatika mara kwa mara, faili hilo huweza kufika likiwa na kasoro isiyoonekana kwa macho. Ndiyo maana wasambazaji huchapisha pamoja nalo alama ya uhakiki, ambayo kwa hesabu ya SHA-256 huwa na tarakimu na herufi 64. Mtumiaji huikokotoa alama ya faili lake, kisha huzilinganisha mbili hizo; zikitofautiana hata kwa herufi moja, faili hilo halifai. Baada ya hapo taswira huandikwa katika flashi kwa programu maalumu. Haitoshi kulinakili faili lile kama tunavyonakili barua, kwa sababu kompyuta haitaweza kuwaka kwa flashi hiyo. Na ikumbukwe kwamba tendo hilo huondoa vyote vilivyokuwamo katika flashi.

Hatua ya tatu ni kuiwasha kompyuta kwa flashi badala ya diski yake ya ndani. Mara tu mashine iwakapo, mtu hubonyeza kitufe kinachofaa, aghalabu F12, F2 au Esc kwa kadiri ya mtengenezaji, kisha huichagua flashi. Mifumo mingi huruhusu hapo kujaribiwa bila kusakinishwa: hufanya kazi katika kumbukumbu ya muda, na diski ya ndani haiguswi. Huu ndio wakati wa kupima kama spika zinatoa sauti, kama kibodi inaandika sawasawa, na kama mtandao unapatikana.

Hapa neno *sakinisha* linajieleza lenyewe. Limetokana na *sakini*, yaani kukaa mahali, nalo ni ndugu wa *maskani*. Mfumo uliomo katika flashi ni mgeni: umeketi sebuleni, na mashine ikizimwa unaondoka. Mfumo uliosakinishwa ni mkazi, umepewa chumba. Wako wapendao *simika*, kama mtu asimikavyo nguzo au chifu, na neno hilo nalo lina haki yake. Lakini halituonyeshi tofauti ya mgeni na mkazi, na tofauti hiyo ndiyo mwanafunzi anayohitaji kuijua kabla hajaendelea. Wafua chuma wa Ufipa wa zamani walikuwa na tanuri mbili, moja ndefu ya kuyeyushia mawe yenye chuma na nyingine ndogo ya kusafishia kilichopatikana, na kila moja waliipa jina lake: *ilungu* na *kintengwe*. Kazi yenye hatua mbili yastahili majina mawili.

Hatua ya nne ndiyo yenye hatari. Kisakinishi huuliza kwanza lugha, mpangilio wa kibodi na saa za mahali. Mtu wa Sumbawanga huchagua Dar es Salaam katika ramani, wala asishangae kuona saa mbili asubuhi ikiandikwa nane, maana mashine huhesabu tangu usiku wa manane. Kisha huja swali la diski. Kisakinishi nilichokitumia kiliuliza kwa Kiingereza kama diski ifutwe yote au igawanywe. Kijana aliyenisaidia katika utafiti, mzaliwa wa uwanda huohuo, akanifasiria kwa sauti: "Mwalimu, inataka kufuta diski." Mkono wake ulikuwa tayari kubonyeza. Nilipomzuia alistaajabu. "Kwani kufuta si kupangusa tu, kama tunavyofuta vumbi mezani?"

Hakukosea Kiswahili. Tunafuta vumbi na meza inabaki. Tunafuta ubao na ubao unabaki. Tunafuta kesi na kesi haipo tena. Neno moja limebeba usafi na maangamizi. Nilipomweleza kwamba kila kilichomo kingetoweka, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hapa si kupangusa, ni *kusumba*." Alitumia kitenzi kilichomo katika jina la mji wenyewe, Sumbawanga, ambalo hufasiriwa kuwa "tupa uchawi." Kitupwacho hakikusudiwi kurudi.

Tuliichagua njia ya kugawanya. Kwa njia hiyo diski hupewa sehemu mbalimbali: moja ya mfumo, na nyingine ya mafaili ya mtumiaji, ambayo Linux huiita /home. Faida yake ni kwamba siku ya kusakinisha upya, sehemu ya mfumo huweza kubadilishwa na ile ya mafaili ikaachwa kama ilivyo, maadam mtumiaji hakuiagiza mashine kuiandaa upya. Baada ya hapo, hatua ya tano ni nyepesi: kuandika jina na nenosiri, kungoja, kutoa flashi, kuwasha upya, na kupokea masasisho.

Juhudi za kuzungumza na kompyuta kwa Kiswahili si ngeni. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux, ulioshirikisha wataalamu kutoka Sweden, ulitoa mwaka 2004 programu za ofisi zilizoitwa Jambo OpenOffice. Mradi huo ulithibitisha kwamba istilahi zaweza kupatikana. Lakini orodha ya istilahi hupimwa mezani, ilhali neno la kisakinishi hupimwa wakati kidole kipo juu ya kitufe.

Kwa sababu hiyo napendekeza kwa wataalamu wa istilahi kwamba *futa* libaki kwa faili moja moja na kwa herufi. Pale inapohusika diski nzima, neno moja lisitegemewe, iandikwe sentensi kamili: "Kila kilichomo katika diski hii kitapotea, wala hakitarudi." Sentensi hiyo ni ndefu kwa kitufe, lakini ni fupi kuliko safari ya kurudi Ufipa kumtafuta mzee ambaye hayupo.